Sura ya Tano: Mwiko, Povu na Mwezi Mwandamo

Nguzo za taa za katikati ya Johannesburg zimevaa karatasi. Kuanzia Hillbrow hadi Park Station utakuta tangazo limebandikwa juu ya tangazo: mganga kutoka Tanzania, mganga kutoka Uganda, daktari wa Zanzibar. Anarudisha mpenzi aliyekimbia, anafungua bahati, anasafisha nyota, na majibu ni siku hiyohiyo. Mswahili aliyehamia jiji hili akizisoma karatasi hizo hujiuliza swali ambalo wasomaji wameniuliza kuliko jingine lolote kuhusu uganga: huyu kasomea wapi?

Swali hilo huzaa la pili. Mtu huyo ana jirani wa Kizulu ambaye binti yake "amechukuliwa na mizimu" na amehamia nyumbani kwa mwalimu, mtaa wa tatu. Miezi minane sasa. Hapeani mkono na mtu, haendi misibani, vyakula vingine hagusi, na kila alfajiri anakunywa povu na kulitapika. Anafundishwa nini muda wote huo? Na chakula kinahusiana vipi na elimu?

Maneno tuliyonayo tayari

Kabla ya kuingia ndani, tutazame maneno, kwa sababu Kizulu na Kiswahili ni ndugu, na katika jambo hili undugu wao hauhitaji mtaalamu kuuona. Dawa kwa Kizulu ni umuthi, yaani mti, nasi twasema miti shamba. Bingwa wa mimea ni inyanga, neno la ukoo mmoja na mganga wetu. Mwaguzi anayezungumza na mizimu ni isangoma, na ndani ya jina hilo mna ngoma, kwa kuwa mizimu huitwa kwa kupigiwa na kuchezewa. Watu wengi mjini husema sangoma tu, nami nitafanya hivyo.

Neno kuu la sura hii ni ukuthwasa, mafunzo ya kuwa sangoma. Kwa Kizulu mwezi nao huthwasa, pale uzi wake wa kwanza unapoonekana magharibi baada ya siku za giza. Sisi husema mwezi umeandama. Nasi pia husema fulani ameandamwa na pepo. Kiswahili kimeyaweka mawili hayo, mwezi unaochomoza na pepo anayemfuata mtu, katika kitenzi kimoja, na sijui maelezo mafupi ya thwasa yanayolizidi neno hilo. Mtu huandamwa kwanza, kisha huandama.

Mwanafunzi huitwa ithwasa, na wakiwa wengi ni amathwasa. Mwalimu ni gobela. Mizimu ya ukoo ni amadlozi. Chumba cha mizimu na dawa ni ndumba. Huko Soweto ndumba mara nyingi ni kibanda cha uani, pengine cha mabati, kilichobanana na kamba ya kuanikia nguo na choo cha nje. Na ukoo wa walimu, kutoka gobela hadi gobela aliyemfunza, huitwa impande, yaani mzizi.

Wito hauombwi

Shuleni mtu huomba nafasi. Katika thwasa hakuna anayeomba, na wengi hukimbia kwanza. Husimuliwa kwamba huanza na ugonjwa usioshikika: kichwa, mabega mazito, ndoto zinazojirudia, kazi inayovunjika kila ikianza. Hospitali haioni kitu. Mwisho familia humpeleka kwa sangoma, naye hutamka kwamba si maradhi ya kawaida, ni wito.

Sangoma aliyejulikana zaidi nchini Afrika Kusini, Credo Mutwa, alipitia njia hiyo. Alilelewa katika Ukristo, akaugua akiwa kijana, tiba ya kizungu ikashindwa, akapona mikononi mwa babu yake aliyekuwa mganga. Ndipo akaingia kwenye mafunzo. Baadaye aliishi Johannesburg, mwaka 1964 akatoa kitabu chake *Indaba, My Children*, na katika miaka ya 1970 akajenga kijiji cha sanamu za udongo na saruji huko Soweto, ambacho sehemu yake ilichomwa moto katika machafuko ya 1976. Alifariki mwaka 2020. Sanamu zilizobaki bado zinatazamwa.

Msomaji wa pwani hashangai kusikia habari ya ugonjwa unaogeuka kuwa kazi. Katika ngoma za pepo za Unguja, Pemba na Mombasa, aliyepungwa pepo akapona ndiye mara nyingi anayeishia kuwa fundi wa kilinge. Tofauti ni kwamba Johannesburg mtu huyo hana budi kuhamia kwa mwalimu, na maisha yake yote ya nje, kazi, mume, watoto, mkopo wa kitanda dukani, lazima yasubiri.

Alfajiri, kopo na kijiti

Siku ya ithwasa huanza kabla ya jua. Anaamka, anafika ndumba kwa magoti, anapiga makofi taratibu na kuwaamkia mizimu kwa majina. Anachoma imphepho, majani makavu ya kijivu yenye harufu tamu na chungu kwa pamoja. Kazi ya moshi huo ni ileile ya ubani na udi kwetu: kufungua mlango.

Kisha huchukua chombo chenye ubulawu. Ubulawu si mmea mmoja. Ni jina la kundi la mizizi na magome ambayo, yakisagwa na kutiwa maji, hutoa povu. Ithwasa hushika kijiti chenye panda nchani, akakisimamisha ndani ya chombo na kukisokota kati ya viganja viwili kama mtu anayepekecha moto. Anapekecha na kuimba, anapekecha na kuomba. Povu huanza chini kama la sabuni ya kipande, kisha hujaa, hupanda na kusimama juu ya ukingo. Povu likisimama vizuri, huaminiwa kwamba wazee wameitika. Likikataa, gobela huuliza kuna nini: umegombana na nani jana, umekula nini, umeota nini ukaficha?

Tuweke hapa maelezo ya kikemia, kwa sababu wasomaji huyadai na ni haki yao. Mimea mingi ya ubulawu ina saponini, kemikali ya asili inayotoa povu kama sabuni, na baadhi ya mimea hiyo hutapisha. Ithwasa hulila povu, hunywa maji yake, kisha hutapika nje. Waxhosa wa Eastern Cape wanao mzizi wa mmea mdogo wenye maua meupe yanayofunguka usiku, ambao jina lake lina maana ya njia nyeupe. Povu lake hulambwa alfajiri kabla ya kula, na kazi yake ni ndoto. Mtu hahisi lolote mchana. Usiku, husema wanaoutumia, ndoto huwa na rangi, huwa na mpangilio, na asubuhi hukumbukwa.

Ndoto ndizo daftari la shule hii. Kila asubuhi ithwasa husimulia alichoota, chote, pamoja na la aibu, na gobela husikiliza. Aliota mto? Mto gani? Nani alisimama ng'ambo? Alionyeshwa mmea? Aende akautafute. Tanzania tunaikumbuka ndoto ya namna hii. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile wa kijiji cha Samunge, Loliondo, alisema Mungu alimwonyesha dawa katika ndoto, na maelfu kwa maelfu ya watu wakapanga foleni ya magari kwa kikombe cha shilingi 500 cha mti wa mugariga. Ndoto ya Mwasapile ilitoka moja kwa moja hadi kikombeni. Ndoto ya ithwasa hupita kwanza kwa mwalimu, hubishiwa, hulinganishwa na ya juzi na ya mwezi uliopita. Mimi naona hapo ndipo ulipo uzito wa thwasa: mtu hufundishwa kutoiamini ndoto yake haraka.

Kwa ufupi hadi hapa: thwasa ni mafunzo ya kuishi nyumbani kwa mwalimu, yanayoanza na ugonjwa unaotafsiriwa kuwa wito. Chombo chake kikuu ni povu la ubulawu, na somo lake la kila siku ni ndoto.

Mwiko ni wa nini?

Kiswahili kina mwiko wa kusongea ugali na mwiko wa kukataza. Ithwasa anaishi na yote miwili, kwa maana kazi za jikoni za nyumba ya gobela ni zake, huku yeye mwenyewe akichaguliwa cha kula. Miiko hutofautiana sana kutoka impande moja hadi nyingine. Ile inayotajwa mara nyingi ni hii:

- Hakuna tendo la ndoa, hata kwa aliyeolewa.
- Hakuna kupeana mikono wala kukumbatiana na watu wa nje.
- Hakuna kwenda msibani wala kula chakula cha matanga, kwa kuwa kifo huacha kivuli kinachofunika macho ya mwaguzi.
- Hakuna pombe, na kuna nyama zinazokatazwa, mara nyingi ya nguruwe.
- Hakuna kutoka bila ruhusa, na anayezungumza na mkubwa hupiga magoti.

Sasa tuvuke bahari hadi Peru, katika misitu ya mto Amazon, ambako mafunzo ya waganga huitwa dieta, yaani mpango wa kula. Mwanafunzi wa huko hujitenga katika kibanda porini, hula ndizi za kupika na samaki bila chumvi, bila sukari, bila mafuta, bila pilipili, hajui mwanamke wala hajui mwanamume, na hunywa mmea mmoja kwa majuma au miezi hadi mmea huo, kama wasemavyo, umfundishe wimbo wake. Kikubwa katika vinywaji vyao ni ayahuasca, ambacho maarifa na matumizi yake ya jadi yalipewa hadhi ya urithi wa utamaduni wa taifa nchini Peru mwaka 2008. Hapa kemia husaidia kidogo. Mmea wa kutambaa wa ayahuasca huzuia kimeng'enya cha mwilini kinachovunja dutu fulani iliyomo katika vyakula vilivyochachuka au kukaa muda mrefu. Mtu akila jibini kuukuu kisha akanywa, shinikizo la damu linaweza kupanda vibaya. Kwa hiyo baadhi ya makatazo yana sababu ya kitabibu.

Lakini kemia haielezi chumvi. Haielezi pilipili, na haielezi kwa nini binti wa Soweto asishikane mkono na shangazi yake.

Chumvi naielewa kwa Kiswahili. Mzee twasema amekula chumvi nyingi, tukimaanisha ameishi na watu, ameonja karamu zao na misiba yao. Asiyetia chumvi katika chakula chake hajakaa kwenye sinia la wenzake. Mkono, matanga, kitanda, chumvi: kila mwiko katika orodha hizo mbili, ya Johannesburg na ya Amazon, unakata uzi mmoja unaomfunga mtu kwa watu. Sisi wenyewe tuna utaratibu wa jinsi hiyo. Mwari aliyewekwa ndani, mjane aliye katika eda, wote wametolewa kidogo katika mzunguko wa kawaida ili jambo kubwa lipite ndani yao. Ithwasa hutolewa zaidi. Hunyang'anywa vitu vyote vilivyomtambulisha, mpaka akabaki na vitu viwili, ndoto zake na sauti ya gobela.

Hiyo ndiyo nguvu ya mafunzo haya. Mtu asiye na kingine cha kushika husikia mambo ambayo mwenye shughuli hayasikii: pumzi ya mgonjwa inavyobadilika anapotajwa mkwewe, harufu ya gome bichi na gome la mwaka jana. Na hiyohiyo ndiyo hatari yake, tutakayoirudia, kwa sababu aliyebaki na sauti moja tu yuko mikononi mwa mwenye sauti.

Msitu unaokuja kwa gari

Mwanafunzi wa Peru anaishi miguuni mwa mti wake. Wa Johannesburg anaishi kwenye jiji la dhahabu, nyanda za juu zenye nyasi, na mimea mingi anayohitaji haioti karibu. Basi msitu humfuata. Hushukia Faraday, kusini mwa katikati ya jiji, soko la dawa lililo kando ya stesheni na kituo cha teksi za abiria. Wauzaji, wengi wao wanawake kutoka KwaZulu-Natal, huketi nyuma ya vilima vya magome, mizizi, vitunguu vya porini na mafungu ya imphepho. Mizigo hutoka KwaZulu-Natal, Mpumalanga, Eswatini, hata Msumbiji. Ukitaka soko lenye umri zaidi, nenda Kwa Mai Mai, upande wa mashariki, ambako pia hushonwa mavazi na ngao za Kizulu.

Ithwasa wa mjini hujifunza miti bila kuiona ikiwa hai. Huijua kwa kuvunja gome na kulinusa, kwa kuonja ncha, kwa rangi ya unga. Ni elimu ya kweli na ngumu, lakini ina tundu: hajui mti ulikatwaje.

Mti uitwao isibhaha ndio mfano unaoniuma. Gome lake ni kali kama pilipili na hutumika kwa kikohozi na mafua. Afrika Mashariki tuna ndugu yake wa damu, ule Wakikuyu wauitao muthiga na Wamaasai osokonoi, nao hutumika kwa kazi zilezile. Mti huu ukichunwa gome kuzunguka shina lote, chakula kinachotengenezwa na majani hakifiki tena mizizini, na mti hufa umesimama. Umechunwa hivyo katika mapori ya mashariki ya Afrika Kusini mpaka ukawa adimu. Tangawizi ya porini, inayotumika sana na waganga, ilichimbwa katika KwaZulu-Natal hadi ikatoweka porini, na siku hizi inabidi ipandwe. Katika Hifadhi ya Kruger, bustani ya miche ya Skukuza imekuwa ikikuza isibhaha na kuwagawia waganga wapande majumbani, na watafiti wameonyesha kwamba majani yake yana sifa zinazokaribiana na za gome. Gobela anayemfundisha mwanafunzi wake kuchuma majani amemfundisha somo kubwa kuliko ndoto mia.

Pale panapouma

Kuna mzizi uitwao impila. Neno lenyewe kwa Kizulu ni afya, uzima. Umeua watu. Sumu yake hushambulia ini na figo, na hospitali za Afrika Kusini zimeandika vifo vingi, vikiwemo vya watoto, vilivyotokana nao. Kutapika kila siku nako humaliza maji na chumvi za mwili, na mwenye figo dhaifu anaweza asiamke. Katika nchi yenye mamilioni ya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, mwanafunzi akiambiwa aache vidonge vyake mpaka amalize mafunzo, ameambiwa afe polepole. Chale za wembe mmoja kwa watu watatu ni kosa la namna hiyohiyo.

Halafu kuna ile hatari niliyoitaja. Ithwasa amekatazwa kutoka, amekatazwa kubisha, yuko mbali na kwao, na anaamini akikaidi ataugua tena. Wamo walimu waliotumia hali hiyo kuwapora wanafunzi fedha, kuwafanya watumishi, na kuwaingilia kimwili. Malalamiko hayo yamesikika kwa wingi Afrika Kusini, na hayapaswi kunyamazishwa kwa jina la heshima ya mila. Mwiko wa kujizuia na tendo la ndoa unamhusu gobela mbele ya mwanafunzi wake kuliko unavyomhusu mtu mwingine yeyote.

Familia inayompeleka mtoto wake iangalie angalau haya:

1. Gobela anamtaja aliyemfunza yeye, na mtu huyo au ukoo wake unajulikana.
2. Gharama zimesemwa mbele ya wazazi tangu mwanzo.
3. Jamaa wanaweza kuja kumwona mwanafunzi bila kutoa taarifa.
4. Dawa za hospitali haziachwi. Anayesikia sauti au kuanguka kifafa hupelekwa kwa daktari pia.
5. Wanafunzi waliomaliza wanarudi kumsalimu mwalimu kwa hiari yao.

Sheria imechelewa kufika. Kwa miongo mingi sheria iliyokuwepo Afrika Kusini ilikuwa ile ya mwaka 1957 ya kuzuia uchawi, iliyofanya uaguzi wenyewe uweze kuhesabiwa kosa. Mwaka 2007 ndipo ikaja sheria inayowatambua waganga wa jadi katika makundi manne: waaguzi, wataalamu wa mimea, wakunga na watahiri. Tanzania ilitangulia kwa sheria yake ya tiba asili ya mwaka 2002.

Mpishi aliyeomba likizo

Mwaka huohuo wa 2007, mama mmoja mpishi wa hoteli karibu na Pretoria alikuwa anakaribia kumaliza thwasa, akisoma na kufanya kazi kwa zamu. Aliomba likizo ya majuma matano bila malipo. Akapewa juma moja. Alipeleka barua kutoka kwa mganga wake iliyoeleza kwamba mizimu inamdai, akaenda, na aliporudi akafukuzwa.

Shauri hilo lilipanda ngazi kwa ngazi, na kila ngazi mama akashinda, hadi Mahakama ya Juu ya Rufani kule Bloemfontein, Novemba 2013. Majaji hawakujitwika kuamua kama mizimu ipo. Walitazama kama mama yule aliamini kwa dhati kwamba angedhurika asipokwenda, na kama mwajiri alijishughulisha kumwelewa. Wakaona kwamba aliamini, na kwamba mwajiri hakujishughulisha. Mafunzo ambayo miaka hamsini nyuma yangeweza kumtia mtu matatani yakawa sababu ya haki ya kurudishwa kazini.

Siku ya kutoka

Gobela akiridhika, familia huitwa. Ngoma hupigwa usiku kucha, majirani wakilalamika au wakijiunga. Mbuzi huchinjwa, na vitu hufichwa mahali ambapo ithwasa hakuonyeshwa. Yeye, amepakwa udongo na kuvikwa shanga, lazima avitaje na kuvipata mbele ya watu wote: kiko wapi, ni cha rangi gani, kimefichwa na nani. Huu ndio mtihani wa mwisho, na shahidi wake ni mtaa mzima. Akivipata, vigelegele. Kibofu cha nyongo ya mbuzi hupulizwa na kufungwa nyweleni mwake, kama kipuli kinachong'aa.

Tangu siku hiyo haitwi tena kwa jina lake. Ataitwa Gogo, yaani bibi, hata kama ana miaka ishirini na miwili, kwa sababu anayesalimiwa ni yule mzee aliye ndani yake. Jumatatu atapanda teksi kwenda mjini na begi lake la chakula, na mama wa makamo atakayeketi karibu naye ataziona shanga, atainamisha kichwa na kumsalimu: Thokoza, Gogo.